Fimbo ya Mwanzi na Majina ya Alama

Vijana niliowaacha kwenye chuo chetu cha ufundi hapa Kilosa waliniomba, kabla sijakabidhi funguo, niwaandikie mawili matatu kuhusu kazi. Nimekaa nyumbani miezi mitatu nikipalilia bamia na kujifanya sikusikia. Sasa bamia zimeshapaliliwa zote na sina kisingizio. Vyeo sitavitaja, maana vilikuwa vichache na vilikuja vimechelewa, na mshahara kila mtu anaujua ulivyo. Nitaandika juu ya zile alama ndogo zinazojaa kwenye programu ya kompyuta, nukta, mikwaju na mabano, na jinsi nilivyozifundisha miaka mingi bila kuziita kwa majina. Mkitaka kunicheka chekeni, ila someni mpaka mwisho.

Mimi nilianza na taipureta. Siku ya kwanza kazini nilivaa viatu vya kubana na sketi ya kuazima kwa dada yangu, nikapokelewa na Mama Sikudhani, mwalimu wa kupiga chapa, mwanamke mfupi asiyejua kunong'ona. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba, na kabla sijakaa vizuri akanifunika mikono kwa kitambaa cheusi juu ya mashine na kuniambia niandike jina langu. Niliandika jina ambalo hakuna mtu Kilosa nzima aliyewahi kuitwa. Ndiyo ilikuwa njia yake: vidole vijue herufi inakaa wapi, macho yabaki kwenye karatasi. Nililia kwa siri wiki mbili, na wiki ya sita vidole vilikuwa vinajiendea vyenyewe. Mpaka leo nikishika kibodi sihitaji kuitazama.

Alipostaafu aliniachia kile kitambaa, kopo la mafuta ya mashine, na fimbo ya mwanzi ya kuonyeshea ubaoni, aliyoikata shambani kwao Ulaya, hii Ulaya yetu ya njia ya Mikumi, siyo ile ya kupanda ndege. Fimbo hiyo sikuwahi kumchapia mtu. Lakini nilikuja kuitumia vibaya kuliko kuchapa, na hilo ndilo nataka kuwasimulia.

Kompyuta zilipofika, taipureta zikabebwa stoo, na mimi nikapelekwa Morogoro kwa mafunzo mafupi. Mkufunzi wetu kule alikuwa kijana mwenye haraka, akizitaja alama kwa Kiingereza cha mbio. Mimi niliyanakili majina kwa masikio, na nusu yake niliyanakili vibaya. Niliporudi, wanafunzi walinibatiza Mama Taipu, na jina hilo limeniganda hadi leo. Miaka ilikwenda, chuo kikaanzisha darasa la kuandika programu, na kwa kuwa hakukuwa na mwingine, darasa hilo likawa langu.

Sasa sikilizeni nilivyofundisha. Naandika mistari ubaoni, nachukua fimbo, naanza: "Hiki hapa kinafunguka, kile pale kinafunga. Hivi viwili vinakaa huku. Halafu mnaweka hiki, msikisahau." Hiki, kile, hivi, kidude hiki, kidude kile. Fimbo inagonga ubao, ko, ko, ko, na wanafunzi wananakili. Niliogopa kutamka majina ya Kiingereza nisije nikaumbuka mbele ya watoto wa mjini wanaokaa na simu kutwa. Majina ya Kiswahili nayo sikuwahi kukaa chini kuyatafuta. Wanafunzi walifaulu kiasi chao, na mimi nikajiona mwalimu. Leo najua wengi walikuwa wanachora tu kile nilichochora, kama mtu anayenakili maua ya kwenye kitenge. Ukimwuliza programu yako inasemaje, anakuonyesha kwa kidole, maana na yeye hakuwa na majina.

Ndipo akaja Zuhura.

Zuhura ametoka Munisagara, kijiji kidogo kando ya reli ya kati. Babu yake alikuja na kazi za reli, na baba yake analima. Alikuwa anakaa kwa mama yake mdogo hapa mjini, nyuma ya soko. Macho yalianza kumsumbua tangu utotoni. Alipofika kwangu, maandishi ya ubaoni kwake yalikuwa ukungu mweupe, na ya kwenye skrini aliyaona kwa shida hata akigusisha pua. Hayo yote sikuyajua siku ya kwanza. Nilichokiona ni binti mrefu aliyekaa dawati la mbele, mikono imetulia, haandiki.

Nikaanza somo langu kama kawaida, hiki hapa, kile pale. Akanyoosha mkono. "Hiki kipi, madam?"

Nikagonga ubao. Nikamwambia atazame mbele.

"Natazama, madam. Hiki kipi?"

Hasira ikanipanda. Nilidhani nimeletewa mjuaji wa kunijaribu, nikamwambia kama hataki kusoma mlango hauna kufuli. Neema, binti aliyekaa naye dawati moja, akasimama na kusema taratibu kwamba mwenzake haoni ubao. Nilibaki na fimbo hewani. Jamani, nimeaibika mara nyingi katika maisha, lakini ile ya siku hiyo bado naisikia shingoni ninapoandika.

Mkuu wa chuo alikuwa mtu mwema, ila alipenda mambo yaishe mapema. Aliniita mimi na Zuhura ofisini, akasema amefikiria sana na ameona binti ahamie ushonaji. Zuhura akajibu kwa heshima zote kwamba tundu la sindano analiona vibaya kuliko kompyuta. Mkuu akakohoa. Zuhura akaendelea, akasema kupiga chapa anakujua, alijifunzia kwenye kompyuta ya shirika fulani pale kijijini, na kitu anachokitaka duniani ni kazi ambayo ataifanya kwa kichwa na vidole, asije akawa mtu wa kuongozwa mkono mpaka kufa. Alilisema hilo bila kulia. Mimi ndiye niliyetafuta leso.

Mkuu akakubali nusu. Zuhura abaki mpaka mtihani wa vitendo, ambao tungeufanyia Mikumi kwenye chumba chenye kompyuta za kutosha. Akifaulu, sawa. Akishindwa, anahamia ushonaji au anarudi kwao Munisagara. Binti akawa amekalia kuti kavu, na mimi nilijua fika kwamba aliyelikausha ni mimi na fimbo yangu.

Siku iliyofuata umeme ulikatika asubuhi, jambo ambalo Kilosa halimshtui mtu. Nikaiegemeza fimbo pembeni ya kabati na kuwaambia wanafunzi kwamba leo hakuna kuonyesha. Kila alama iliyomo kwenye madaftari yenu tutaipa jina, na asiyekuwa na jina la alama haruhusiwi kuitumia. Walifurahi kama watoto. Yale mabano ya kawaida tukayaacha mabano, maana hayakuwa na kosa. Yale yenye pembe yakawa mabano sanduku. Yale yaliyokunjwa katikati, mtu mmoja wa nyuma alitaka yaitwe kiuno, lakini tulipojaribu kusoma "fungua kiuno, funga kiuno" darasa halikufundishika tena mpaka chai. Baada ya chai kijana mmoja wa familia ya wafugaji akasema yeye anaona upinde wa kurushia mshale. Ikapita. Fungua upinde, funga upinde.

Kisha Zuhura akasema jambo lililonifundisha kuliko Morogoro nzima. Alisema majina ya maumbo ni mazuri, ila yeye maumbo hayaoni, kwa hiyo pale inapowezekana tumwambie alama inafanya nini. Tukaanza upya. Ile alama ya vistari viwili vilivyolala, ambayo kila mwanafunzi wangu tangu enzi aliisoma "ni sawa na" na kuchanganyikiwa, tukaiita weka, kwa sababu kazi yake ni kuweka kitu kwenye kisanduku chenye jina. Ikiandikwa mara mbili mfululizo inauliza, basi tukaiita je-sawa. "Umri weka kumi na nane." "Kama umri je-sawa kumi na nane." Nawaambia ukweli, kwa miaka yote nilikuwa nachoka kuwakemea watu kwa kosa hilo moja, na siku ile lilikufa darasani kabla ya saa sita.

Iliyobaki ilikuwa ile alama ya vistari vinne vilivyokatana, inayotangulia maelezo ambayo mashine inayaruka. Wengine wakataka ngazi, wengine wavu. Zuhura akamwomba Neema amchoree kiganjani kwa ukucha. Akacheka. Akasema hiyo ni reli, vyuma viwili na mataruma mawili, na kwamba ameikanyaga maisha yake yote. Hakuna aliyebisha.

Kuanzia hapo tukawa na desturi yetu. Hakuna kukabidhi programu kwa kuionyesha. Mwanafunzi anasimama, anaupa ubao mgongo, anaisoma kutoka kwenye daftari lake, Zuhura kutoka kichwani, alama kwa alama, na mwenzake anaiandika kwa kusikia. Zikitofautiana, mmoja wenu amelala. Walimu wenzangu waliopita dirishani walidhani tunasoma dua. Wavulana walijifanya wamechoka, "madam leo umekaza," lakini waliacha kuchora maua ya kitenge na wakaanza kuelewa.

Kesi ngumu ilikuja wiki ya nne. Programu ya Zuhura iligoma, na ya Neema, ambayo kwa macho yetu ilikuwa ileile herufi kwa herufi, ilikubali. Niliikagua mimi, wakaikagua wengine, hatukuona kitu. Neema akamsomea mwenzake taratibu mara tatu. Mara ya tatu Zuhura akamsimamisha na kumwuliza kabla ya neno la kwanza la mstari ule kuna nini. Neema akasema hakuna kitu. Zuhura akauliza hicho hakuna kitu kina ukubwa gani.

Darasa lilicheka, mimi sikucheka. Katika lugha ya programu tuliyokuwa tukifundisha, mistari iliyo chini ya sharti fulani inasogezwa ndani kwa nafasi tupu, na mashine inazihesabu nafasi hizo kama inavyohesabu kila kitu. Mstari wa Neema ulikuwa ndani kwa nafasi nne, wa Zuhura kwa tatu, ilhali mistari yake mingine ilikuwa na nne. Macho yetu yalikuwa yanaruka pale patupu kwa sababu kwetu sote hapakuwa na jina. Siku ileile tukapaita hatua. Nafasi nne ni hatua moja, na kila mstari uanze kusomwa kwa kutaja hatua zake. Niliandika neno hilo ubaoni kwa herufi kubwa, kisha nikakumbuka ni nani hawezi kulisoma, nikalitamka kwa sauti mara mbili.

Jioni ya kuamkia mtihani nikaletewa taarifa. Zuhura ameruhusiwa kuandika mwenyewe, na atapewa mtu wa kumsomea yaliyomo kwenye skrini, ila mtu huyo ni wa palepale Mikumi. Neema haruhusiwi. Nilikaa kwenye ngazi ya ofisi. Reli, upinde, weka, je-sawa, hatua: majina yote yale matamu yalikuwa yanajulikana kwenye chumba kimoja tu duniani, na kesho Zuhura anatoka nje ya chumba hicho. Nilikuwa nimemwondoa kwenye shimo la kwanza na kumtia kwenye la pili.

Asubuhi tukapanda basi. Barabara ya Mikumi mnaijua, mpaka mfike Ulaya mmeshabadilika rangi. Nilikaa na Zuhura na kuanza kumlisha majina ya Kiingereza yote kwa mpigo, hii huitwa hivi, hii huitwa vile, basi likiruka mashimo na mimi nikipandisha sauti. Alinivumilia mpaka tulipopita Ulaya. Kisha akanishika mkono na kuniambia, "Madam, mimi sijui yeye ataziitaje. Na wewe hujui. Acha nikamwulize mwenyewe." Njia iliyobaki nilitazama dirishani nikiomba Mungu kimoyomoyo.

Msomaji wake alikuwa mama wa makamo, karani, mwenye kilemba cha zambarau na miwani ya kuning'inia. Kompyuta aliijua kwa barua na orodha. Programu hakuwahi kuiona. Sisi walimu tuliambiwa tukae kwenye benchi la nje. Dirisha lilikuwa wazi, na Zuhura alikuwa wa pili kutoka dirishani, basi nikasikia kila kitu.

Mtihani ulikuwa wa muda wa saa mbili. Swali la kwanza lilikuwa programu mbovu ya kurekebisha. Yule mama akaanza kusoma, na nikasikia sauti yangu mwenyewe ya zamani ikitoka kwenye mdomo wa mtu mwingine. "Hapa pana hiki kidude, mwanangu, halafu neno, halafu pana hiki tena." Nikachungulia. Alikuwa anaonyesha kwa kidole kwenye skrini.

Binti wa umri ule atamkosoaje mtu mzima mgeni, mbele ya watu? Wengi wetu tulivyolelewa, tungeitikia ndiyo mama na kufeli kwa adabu.

"Samahani sana, mama," Zuhura akasema. "Usinionyeshe. Niambie."

Yule mama akajibu, bila ubaya, kwamba hajui kinaitwaje. Zuhura akasema si kitu, hata yeye kuna siku hakujua. Akasogeza kibodi katikati yao, akamwomba akitafute kwenye vitufe kile anachokiona, kiko pamoja na namba gani. Mama akatafuta, akasema kiko na tatu. Zuhura akaweka kidole juu ya tatu bila kupapasa, kidole cha mtu aliyefundishwa chini ya kitambaa cheusi cha Mama Sikudhani, kwa maana herufi alikuja anazijua, ila vitufe vya alama nilimfundisha mwezi mzima chini ya kitambaa hicho.

"Hii sisi tunaiita reli. Wewe utapenda tuiite nani?"

"Reli inanitosha," mama akasema. "Na hii hapa kwenye hiki kitufe cha pembeni naona kama masharubu."

"Sisi tulisema upinde. Basi leo ni masharubu, mama. Fungua masharubu, funga masharubu."

Wakaenda hivyo alama kwa alama. Wenzake wote walikuwa wanaandika, vitufe vinalia chumba kizima, na Zuhura hajagusa swali hata moja. Dakika kumi zikapita, kisha ishirini. Msimamizi alipita nyuma yao, akatazama saa, akaenda. Nilinyanyuka kwenye benchi mara mbili, na mara mbili Neema, ambaye naye alikuwa akifanya mtihani wake karibu na dirisha, alinitazama kwa jicho la kunikalisha. Ilikaribia nusu saa ndipo nikamsikia Zuhura akimalizia: "Na pale patupu mwanzoni mwa mstari, mama, usiparuke. Nihesabie." Kisha akanyoosha vidole na kusema sasa tuanze.

Sitatia chumvi. Hakumaliza. Swali la mwisho alilikabidhi tupu, na muda ndio uliomtupa, siyo akili. Alipotoka nje yule mama alikuwa amemshika bega, akimwuliza kama darasa letu linapokea watu wazima. Matokeo yalichukua wiki tatu kufika, na wiki hizo nilikonda. Mkuu alikuja nayo darasani mwenyewe, akasoma majina, akafika la Zuhura, akakohoa kama kawaida yake, akasema, "Amefaulu. Basi abaki." Niliaga kwamba nakwenda kuchukua chaki, nikaenda stoo kukaa katikati ya taipureta na kulia mpaka nikaridhika. Fimbo nilikuwa nimeibeba, nikaiacha hukohuko, na haikurudi tena darasani.

Alibaki, akamaliza, akapata kazi, na miaka michache baadaye akarudi chuoni kwetu kufundisha. Siku hizi ana simu na kompyuta zinazomsomea, ila bado anasema mashine hizo zinasoma kwa pupa kama mkufunzi wangu wa Morogoro. Darasa langu amelichukua yeye. Nasikia katika darasa lake reli bado ni reli, lakini upinde umekuwa masharubu moja kwa moja.

Siku yangu ya mwisho nilikwenda kumuaga. Nikamwambia nimemletea urithi, nikampa kitambaa cheusi, kopo la mafuta ambalo halina tena mashine ya kupaka, na fimbo ya mwanzi niliyoitoa stoo. Kitambaa alikipokea kwa mikono miwili. Fimbo aliipapasa kutoka juu hadi chini, akanirudishia, akasema anajua nyumbani nina kuku, itanifaa kuwafukuzia. Wanafunzi wapya walikuwa wamejaa, akawaambia huyu ndiye Mama Taipu, na kwamba mgeni yeyote wa darasa hili hutoa salamu kwa kusoma mstari mmoja. Neema, ambaye siku hizi ana duka la vifaa vya kompyuta pale sokoni na alikuja kuniaga, alikuwa anacheka mlangoni.

Nikapewa daftari. Nikavaa miwani, nikaupa ubao mgongo. Mkono wangu wa kulia ulinyanyuka wenyewe kutaka kuonyesha, nikaurudisha chini. Nikasoma kwa sauti ya Mama Sikudhani: kama, umri, je-sawa, kumi na nane, nukta pacha. Nikafunga daftari, nikangoja makofi.

Zuhura alikuwa ameinamisha kichwa, anasikiliza.

"Umeruka kitu, madam."

Nikafungua daftari tena. Mstari ulikuwa umesogezwa ndani, na mimi, niliyeandika neno lile ubaoni kwa herufi kubwa, nilikuwa nimepita juu ya patupu kama vile hapapo. Darasa zima lilikuwa linaningoja, na nilijisikia furaha ambayo siku nyingine zote za kazi sikuwahi kuipata.

"Rudia," akasema mwalimu.

Nikarudia. Nikaanza na hatua.